Somo: Kichwa cha Mwanzo wa Ramadhani na Khabari ya Chai na Kahawa

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Kila mwaka inapoandama Ramadhani, hapa Nchiru hupita siku mbili tatu ambazo watu wengi huonekana wameshika vipaji vya nyuso zao tangu adhuhuri. Mwanafunzi wa chuo kikuu huliacha somo lake akaenda kulala. Mwenye duka huwajibu wanunuzi kwa ukali. Mama aliye jikoni hujifunga kitambaa kichwani akaendelea na kazi huku anauguza. Khalafu zikifika siku ya tano au ya sita, maumivu hayo huondoka kama yalivyokuja, na watu huyasahau mpaka mwaka wa pili.

Katika jambo hili tumesikia maneno ya namna mbili, na yote mawili yana kasoro. Wako wasemao: «Saumu ndiyo iniumizayo; mwili wangu hauiwezi.» Na baadhi yao hula mchana kwa hoja hiyo, nao ni vijana wenye afya. Na wako wasemao kuwaambia hao: «Hamna maradhi yoyote, ni udhaifu wa imani na uvivu tu.» Wa kwanza wameidhulumu saumu, na wa pili wamemdhulumu ndugu yao Mwislamu ambaye kweli anaumwa. Tumeona basi ni wajibu wetu kulieleza jambo hili kwa ilimu, ili kila mmoja apate haki yake: saumu isisingiziwe, wala mgonjwa asitukanwe.

KITU KILICHOMO KIKOMBENI

Sisi tukaao hapa Nchiru, kando ya barabara itokayo Meru kwenda Maua, tumezungukwa na mimea ya kuchangamsha akili. Kwenye miinuko ya Imenti na Igembe kuna mashamba ya chai. Chini yake kidogo kuna kahawa, ambayo serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika wa Meru, Embu na Kisii kuipanda kwa majaribio katika miaka ya 1930. Na katika milima ya Nyambene kuna miraa, ijulikanayo kote duniani. Hapana ajabu basi kuwa mgeni akiingia katika nyumba yoyote ya hapa, ya Mwislamu au ya jirani yake Mkristo, jambo la kwanza ni kuletewa kikombe.

Ndani ya chai na kahawa mna kitu kimoja kiitwacho kafeini. Mtu wa kwanza kukitenga kitu hicho kutoka katika buni alikuwa mwanakemia wa Kijerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, mwaka 1819. Kikombe cha kahawa cha kadiri ya kawaida huwa na kafeini miligramu 95 hivi. Kikombe cha chai huwa na miligramu 40 mpaka 50, na hupungua au huzidi kwa wingi wa majani na muda wa kuchemka. Kopo la soda ya kola huwa na miligramu 30 na kitu, na vinywaji vya kuongeza nguvu wavipendavyo vijana wakati wa mitihani huwa na miligramu 80 katika kila mililita 250. Miraa ina kitu chake kingine, kiitwacho kathinoni, nacho si kafeini. Lakini wengi waitafunao huiteremsha kwa chai kali au kwa soda, wakawa wamechanganya vitu viwili kwa pamoja.

Na tufanye hesabu ya mtu wa kawaida hapa kwetu, asiyejiona kuwa ni mraibu wa kitu chochote. Hunywa vikombe viwili vya chai asubuhi, kimoja saa nne, kimoja alasiri, na kimoja baada ya chakula cha usiku. Ni vikombe vitano, na kila kimoja tukikihesabu kwa miligramu 45, jumla ni miligramu 225 kwa siku. Tunaomba msomaji aishike hesabu hii, kwani tutairudia.

JINSI KICHWA KINAVYOUMA

Yapasa kwanza tujue kitu hiki hufanya kazi gani mwilini. Katika ubongo wa mwanadamu, kila anapokuwa macho, huzalika kitu kiitwacho adenosini. Kazi yake ni kuutuliza ubongo, kuleta uchovu na usingizi, na kuipanua mishipa ya damu ya kichwani. Kwa kazi hiyo adenosini ina mahali pake pa kukaa, mithili ya viti vilivyopangwa barazani, kila kiti na mwenyewe.

Kafeini kwa umbo lake hufanana na adenosini. Ikiingia, huvikalia viti vile, lakini haiifanyi kazi ya mwenye kiti. Mwenyewe akija hukuta pamejaa, hurudi. Ndiyo maana mtu anywapo kahawa uchovu humpungukia na mishipa ya kichwani husinyaa kidogo. Kafeini haikumpa nguvu mpya; ilizuia tu khabari ya uchovu isimfikie.

Lakini Mwenyezi Mungu ameuumba mwili ukiwa na hekima ya kujirekebisha. Mwili ukiona kila siku viti vimekaliwa na mgeni, huongeza viti vingine ili adenosini nayo ipate pa kukaa. Hapo kikombe kimoja hakitoshi tena, mtu hutaka viwili, na hali yake ya kawaida huwa ni kule kuwa na kafeini mwilini. Khalafu siku moja mgeni asije. Viti vyote, vya zamani na vilivyoongezwa, hukaliwa na adenosini kwa mara moja. Mishipa ya kichwani hupanuka, damu huenda kwa wingi, na kichwa huanza kugonga. Pamoja na hayo mtu hupata usingizi, uzito wa mwili, kukosa utulivu wa fikira, na hasira ya karibu.

Maumivu haya huanza baina ya saa 12 na saa 24 baada ya kikombe cha mwisho. Huwa makali zaidi katika siku ya kwanza na ya pili, na aghalabu huisha kabla ya kutimia siku tisa. Msomaji atazame: je, hizi sizo siku zile zile za mwanzo wa Ramadhani tulizozitaja?

USHAHIDI WA WATAALAMU

Huenda mtu akasema kuwa haya ni dhana, na kuwa mtu huumwa kwa sababu amejiambia kuwa ataumwa. Wataalamu wamelichungua hilo pia. Mwaka 1992 ilitangazwa khabari ya uchunguzi uliofanywa Marekani kwa watu 62 wenye afya, ambao kwa wastani walikuwa wakitumia kafeini miligramu 235 kwa siku, yaani karibu sawa na yule mtu wetu wa vikombe vitano vya chai. Waliondolewa kafeini yote katika chakula na kinywaji, wakawa wakipewa vidonge. Siku nyingine vya kafeini na siku nyingine vitupu, wala wenyewe hawakuambiwa wamepewa vipi. Walipokuwa katika vidonge vitupu, asilimia 52 yao waliumwa na kichwa kwa kiasi cha kati au kwa ukali. Hawa hawakuwa watu wa kunywa kupita kiasi. Walikuwa watu kama sisi.

Na khasa kwa habari ya Ramadhani, mwaka 1999 madaktari wa Saudia walitangaza uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa hospitali katika siku ya kwanza ya mwezi huo. Miongoni mwa waliofunga, asilimia 41 waliumwa na kichwa. Na miongoni mwa wasiofunga, asilimia 8 tu. Na katika mambo ya nje yanayoambatana na maumivu hayo, walilolikuta kuwa kubwa kuliko yote ni kukatika kwa kafeini.

Hatusemi kuwa saumu yenyewe haiwezi kabisa kumwumiza mtu kichwa. Njaa ya muda mrefu, kiu, kukatika kwa usingizi kwa ajili ya daku, na kukatika kwa tumbaku kwa mvutaji, yote haya ni sababu. Na mwenye asili ya kipandauso huamshwa nacho kwa wepesi zaidi kuliko wengine. Lakini sisi wa huku tuna neema ambayo yapasa tuishukuru. Nchiru i karibu mno na mstari wa ikweta, na kwa hivyo mchana wetu haubadiliki sana mwaka mzima. Tangu alfajiri mpaka magharibi ni takriban saa 13 na nusu, iwe Ramadhani imeangukia kiangazi au masika. Ndugu zetu walioko Uingereza, Ramadhani ikiwaangukia mwezi wa Juni, hufunga saa zaidi ya 16. Basi kijana wa Nchiru akisema mchana wa hapa ni mrefu asiouweza, dai lake ni dhaifu. Ila akihesabu tangu kikombe chake cha mwisho, atakuta habari nyingine. Aliyekunywa chai ya mwisho saa tatu za usiku baada ya tarawehe, akala daku kwa maji matupu, huwa amekaa bila kafeini saa 21 na nusu ifikapo saa kumi na mbili na nusu ya magharibi. Huyu hakufungishwa muda mrefu na sharia. Amefungishwa na mpango wake mwenyewe wa vikombe.

JINSI YA KULITAMBUA

Mtu atajuaje kuwa kichwa chake ni cha kikombe wala si cha jambo jingine? Jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa maumivu ya kichwa imeweka alama, na ni nyepesi kuzishika. Ya kwanza, awe ni mtu ambaye kwa muda wa zaidi ya wiki mbili amekuwa akitumia zaidi ya miligramu 200 za kafeini kila siku. Ya pili, maumivu yawe yameanza katika muda wa saa 24 tangu alipokatiza. Ya tatu, ama yapungue katika muda wa saa moja akipata miligramu 100 za kafeini, yaani vikombe viwili vya chai au kimoja cha kahawa, ama yaishe katika muda wa siku saba akiacha kabisa.

Alama hii ya tatu ndiyo inayowapoteza wengi. Mtu hufuturu, hunywa vikombe viwili, na kabla ya kusimama kwa ajili ya isha kichwa kimetulia. Husema: «Mmeona? Chai ni dawa ya kichwa.» La! Chai imekiondoa alichokuwa nacho kwa ajili ya kuikosa chai. Mfano wake ni mtu aliyekukopesha fedha, ukachelewa kumlipa, akasimama mlangoni pako akipiga kelele. Ukimkopa tena yeye mwenyewe na kumlipa kwa hizo hizo alizokukopesha, huondoka kwa siku hiyo, na kesho hurudi.

Si kwamba kafeini haina manufaa kwa kichwa. Kafeini ikichanganywa na paracetamol au aspirin huviongezea nguvu kidogo katika kuondoa maumivu, na ndiyo sababu viwanda huitia katika vidonge vingi. Panadol Extra, kwa mfano, kila kidonge chake kina paracetamol miligramu 500 na kafeini miligramu 65. Basi mtu anayekusudia kukata kafeini, akawa kila anapofuturu hunywa vidonge viwili vya namna hiyo, ameingiza kwa dirishani miligramu 130 za kitu kile kile alichokitoa kwa mlangoni. Yafaa kusoma maandishi ya kwenye sanduku kabla ya kununua. Na vidonge vya mchanganyiko namna hii, mtu akivitumia siku 10 au zaidi kwa mwezi kwa muda wa zaidi ya miezi mitatu, vyenyewe huweza kuwa sababu ya kichwa cha kila siku. Vile vya dawa moja tupu, kama paracetamol peke yake, mpaka wake ni siku 15 kwa mwezi.

Tena wako wenye kuumwa hivi wakakimbilia kuagua, wakaambiwa ni jini au ni jicho la hasidi, wakatozwa fedha na kuku. Hatukanushi kuwako kwa majini, kwani Qur'ani imeyataja, wala hatukanushi jicho. Lakini mwenye akili haanzi kwa yaliyofichikana akaacha yaliyo dhahiri mbele yake. Jini gani huyu anayekuja siku ya kwanza ya Ramadhani na kuondoka ya sita, na kutulizwa kwa vikombe viwili vya chai? Dini yetu imetuamrisha kutafuta tiba, na kutafuta tiba huanza kwa kuujua ugonjwa.

MAULAMAA NA KAHAWA

Asije mtu akadhani kuwa twataka kuiharimisha kahawa au chai. Mzozo huo umekwisha zamani. Kahawa ilienea kutoka Yemen katika karne ya 15, ikitumiwa na watu wa tarika wapate kukesha katika ibada. Mwaka 1511 Khair Beg, aliyekuwa mkuu wa Makka kwa upande wa utawala wa Misri, aliwakusanya maulamaa na matabibu, kahawa ikapigwa marufuku. Marufuku hiyo haikudumu. Baadaye, katikati ya karne hiyo ya 16, Abdul-Qadir al-Jaziri alitunga kitabu kizima kuithibitishia kahawa uhalali. Hoja ilikuwa wazi: kahawa hailevi, haiondoi akili, na asili ya vitu ni kuwa halali mpaka ipatikane dalili. Watu wa pwani yetu wamekunywa kahawa chungu mabarazani tangu zama za mababu, dele likiwa juu ya makaa na vikombe vidogo vikigonganishwa, na wanazuoni wakubwa wameketi katika mabaraza hayo.

Lakini halali huwa na adabu yake. Katika karne hiyo hiyo Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki mwaka 974 Hijria, aliandika risala ya kuwatahadharisha watu na miraa, kwa kuwa aliona khitilafu ya khabari zake na shaka ya madhara yake. Funzo tunalolichukua kwa wazee hao ni kuwa walikuwa wakiuliza: kitu hiki humfanyaje mwenye kukitumia? Nasi yatupasa tuulize vivyo hivyo. Kinywaji cha halali ambacho mtu akikikosa mchana mmoja hawezi kufanya kazi, wala kusoma, wala kusema na watu wa nyumbani kwake kwa upole, kimetoka katika daraja ya kitumishi kikapanda daraja ya bwana.

HUKUMU YA ANAYEUMWA

Sharia imemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine, na ruhusa hiyo imo ndani ya Qur'ani yenyewe. Hapana wa kuifunga. Lakini wanazuoni wameieleza mipaka yake. Imamu Nawawi katika Minhaj ameitaja ruhusa ya mgonjwa kwa sharti ya kupata madhara makubwa. Maumivu madogo yanayovumilika, yasiyozidishwa na saumu mpaka kuogopewa madhara, si udhuru katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi.

Kwa hivyo mtu anayejua kuwa kichwa kitamwuma kesho hana ruhusa ya kuamka hali hakutia nia. Atatia nia usiku, atafunga, na mara nyingi ataona kuwa yavumilika. Ikiwa mchana maumivu yatamzidi mpaka aogope madhara ya kweli, kama kutapika mfululizo au kukaribia kuzimia, basi atafungua, naye hana dhambi, na atalipa siku yake. Wala asiambiwe na mtu kuwa hana imani. Maumivu yake ni ya kweli, na sababu yake imo ndani ya mishipa ya kichwa chake. Aliyemcheka ndugu yake kwa kuumwa amefanya kosa jingine ndani ya mwezi mtukufu.

Ila yako maumivu ambayo si ya kikombe wala si ya saumu, na kuyasubirisha ni hatari. Kichwa kilichopiga kwa ghafula kwa ukali ambao mtu hajapata kuuona. Kichwa pamoja na homa na shingo kukakamaa. Kichwa pamoja na udhaifu wa upande mmoja wa mwili, au ulimi kuwa mzito, au macho kutoona sawasawa. Kichwa baada ya kuanguka au kupigwa. Kichwa kipya kwa mtu aliyepita miaka 50. Na kichwa kikali kwa mwenye mimba, khasa akivimba uso na mikono. Wote hawa wapelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Kwao kufungua si jambo la kusitasita.

DAWA YAKE NI SHAABANI

Tumefikia sasa lililo muhimu. Kichwa hiki chaweza kuzuiwa kabla hakijaja, na wakati wake wa kuzuiwa ni mwezi wa Shaabani. Watu wengi huutumia Shaabani kununua tende na unga, wakasahau kuutengeneza mwili utakaofunga.

Kwanza, usikate kwa mara moja. Punguza kidogo kidogo, kwa muda wa wiki mbili au tatu. Mwenye vikombe vitano na ashuke kimoja kila baada ya siku tatu nne, akianza na vile vya mchana. Asiyeweza kuacha kikombe kizima na apunguze majani ndani ya birika, au anywe nusu ya kikombe. Viti vile tulivyovitaja mwili huviondoa polepole kama ulivyoviongeza polepole.

Pili, kilichobakia kihamishe. Vikombe vya saa nne na vya alasiri ndivyo vitakavyokosekana Ramadhani. Basi viache navyo kabla, ubakie na kimoja cha alfajiri na kimoja cha magharibi. Ikifika Ramadhani utakuta ratiba yako tayari ni ya mfungaji.

Tatu, usiache daku. Mtume wetu (S.A.W.) ameihimiza na kutujulisha kuwa ina baraka. Kikombe kimoja cha chai isiyo kali sana wakati wa daku, saa kumi za usiku, huisogeza mbele saa ya kuanza maumivu. Zile saa 12 za mwanzo humpeleka mtu mpaka saa kumi za alasiri, na hapo magharibi i karibu. Lakini pamoja na kikombe hicho kula chakula cha kushiba kwa muda, na maji ya kutosha. Maji yanywewe tangu kufuturu mpaka daku kwa kugawanya, wala si yote kwa pamoja dakika za mwisho.

Nne, jihadhari na chai na kahawa baada ya tarawehe. Kafeini hukaa mwilini. Baada ya saa 5 hivi ndipo nusu yake hutoka. Aliyekunywa kahawa saa nne za usiku, saa tisa bado ana nusu yake kichwani, akawa hakulala, na kukosa usingizi ni sababu nyingine ya kichwa kesho yake. Wanafunzi wanaochanganya Ramadhani na mitihani walishike sana hili, na wayaache makopo ya vinywaji vya nguvu.

Tano, wenye mimba wana hesabu yao. Kwao kafeini hukawia zaidi kutoka mwilini, na wataalamu wa Ulaya mwaka 2015 waliweka kwao mpaka wa miligramu 200 kwa siku, ambapo mtu mzima mwingine mpaka wake ni miligramu 400. Mume anayemjali mkewe na asimwachie hesabu hii peke yake.

Sita, faida hii si ya Ramadhani peke yake. Anayeambiwa na daktari asile wala asinywe kabla ya kupasuliwa, na anayesafiri njia ndefu ya jangwani kwenda Marsabit, wote huweza kupatwa na kichwa hiki wakadhani ni ugonjwa mpya. Jirani zetu Wakristo wanaofunga kwa maombi hupatwa nacho vile vile. Basi wafikishieni elimu hii, kwani ni katika haki za ujirani.

Ndugu zetu, mwenye kufunga huacha chakula cha halali na kinywaji cha halali kwa amri ya Mola wake, ili ajue kuwa hakuna kinachomtawala ila Yeye. Sasa mtu atazame kikombe chake cha chai leo, kabla mwezi haujaandama, na ajiulize: nikikosa hiki kesho, nitakuwaje? Akiona kuwa hatadhurika, amshukuru Mwenyezi Mungu. Akiona kichwa chake tayari kimeanza kuuma kwa kuuliza tu, basi na aanze kupunguza leo, kikombe kimoja, na kesho kutwa kingine.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atufikishe Ramadhani tukiwa wazima wa miili na wepesi wa kutii, na awaponye wagonjwa wetu wote. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.